Gari Lililomeza Tromboni

Wiki iliyopita mliniacha nimelala chali chini ya gari, petroli ikinidondokea kwenye sikio la kushoto, na mke wangu Eunike akiniuliza kwa upole wa kutisha kama ninataka chakula niletewe huko huko chini au nitatoka nile kama binadamu wengine.

Nilitoka. Nilikula. Petroli iliendelea kudondoka.

Kwa asiyenifahamu: mimi ni Bariki wa Akheri, mkulima wa kahawa kwa kuzaliwa na dereva kwa kujitakia. Miaka tisa nilimwendesha Bwana Harwood, mzungu aliyekuwa na shamba upande wa Usa. Mwaka huu wa 1956 alipofunga mizigo kurudi kwao, alinipeleka ghalani, akafukuza kuku, akanionyesha gari la Kiingereza lililoshushwa melini Tanga mwaka 1925. "Bariki," akasema, "hili ni lako sasa." Nililia kwa furaha. Kuku nao walilia, lakini wao walikuwa na sababu.

Ng'ombe wanne walilivuta mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo linakaa kwenye banda langu la kahawa, na kahawa inakaa chumbani kwetu. Sakafu yake nimeitengeneza kwa mbao nzuri za mringaringa, ambazo mpaka mwezi uliopita zilikuwa mlango wa jiko la mke wangu. Viti nimevijaza majani makavu ya migomba. Injini nimeifungua na kuifunga mara tatu, na kila mara ilibaki nati moja mkononi.

"Usijali," aliniambia fundi wangu Lerionka. "Nati ikibaki, ina maana gari lina ziada."

Lerionka ni Mwarusha, anafanya kazi kwenye gereji moja ya Ngarenaro, na kila Jumamosi mchana anapanda baiskeli kuja kwangu kunikatisha tamaa bila malipo.

Jumamosi ile alikuja, tukasalimiana, "Sopai," "Epa," akainama akatazama chini ya kiti cha dereva.

"Hili bomba la petroli ni la nini?"

"Ni mpira wa baiskeli."

"Petroli inakula mpira."

"Nimeona."

"Gari lako sasa linavuja kama ng'ombe mwenye ugonjwa. Ukiliwasha hivi, Bariki, utafika mbinguni kabla ya kufika Tengeru. Hapa panataka shaba. Mkono mmoja na nusu, kutoka tangi mpaka kabureta."

Nikamwambia nimeshauliza mjini, duka moja baada ya jingine. Wote waliniambia neno moja: subiri kutoka Nairobi, miezi mitatu. Mmoja aliniuliza gari ni la mwaka gani, nilipomjibu akaita ndugu zake watoke jikoni waje wanione.

"Basi subiri miezi mitatu," akasema Lerionka.

Ningesubiri. Lakini wiki mbili nyuma, mbele ya kanisa, jirani yangu Mikaeli alikuwa ameniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kwaya ya akina mama, "Bariki, kuku wako wameanza kuendesha?" Mikaeli ni mzee wa kanisa. Anapokutukana, unatukanwa kwa niaba ya usharika mzima.

Nami nikajibu, kwa hekima yangu ya kawaida, kwamba siku ya jubilii ya usharika wetu, miaka hamsini ya Injili, mke wangu atashuka kanisani kutoka kwenye gari lake mwenyewe.

Jubilii ilikuwa imebakiza wiki mbili. Miezi mitatu haiingii ndani ya wiki mbili. Nilijaribu.

Sasa, msomaji, kama umeshika kikombe, kiweke chini. Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata mama yangu mzazi.

Mimi ndiye mtunza vyombo wa usharika. Kazi hii nilipewa mwaka jana, aliyekuwa nayo alipofariki ghafla, kwa sababu nilikuwa mtu pekee aliyeweza kufungua valvu ya tarumbeta bila kuivunja. Katika chumba cha nyuma cha kanisa kuna masanduku mawili, moja juu ya jingine. Lililo juu lina matarumbeta tunayopiga siku za sikukuu. Lililo chini sikuwahi kumwona mtu akilifungua.

Jumatatu nilikwenda kukagua vyombo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia njiani: unakwenda kukagua. Mkaguzi gani huenda na msumeno wa chuma mfukoni, hilo sikujiuliza.

Sanduku la juu lilikuwa na vyombo sita, vyote vya watu ninaowajua, vyote vinavyopigwa kila Pasaka. Nikaliteremsha. La chini lilikuwa limekazana kwa kutu, nikalifungua kwa bisibisi. Ndani palikuwa na blanketi, na ndani ya blanketi palikuwa na tromboni, lile tarumbeta refu la Kijerumani la kuvuta na kusukuma. Kwaya yetu haina mpiga tromboni. Tangu nibatizwe sijamwona mtu akilipiga.

Nikapima. Mkono mmoja na nusu kamili. Shaba nzuri, nyembamba, ya njano.

Nikasema, halina mwenyewe.

Nikakata.

Jumamosi iliyofuata Lerionka alilipokea bomba, akaligeuza geuza.

"Shaba hii umeitoa wapi?"

"Kwa Wajerumani."

"Wajerumani gani? Wameondoka zamani."

"Ndiyo maana hawakukataa."

Alinitazama kidogo, akawasha moto, akapinda, akalehemu. Yeye ni fundi. Bomba zuri likiwa mkononi mwake haulizi sana. Saa tisa mchana tulijaza petroli. Hapakudondoka hata tone. Nikashika hendeli mbele ya gari, nikazungusha mara moja, mara mbili, mara ya tatu hendeli ikanirudisha nyuma na kunitupa kwenye mgomba.

Injini ilikuwa imewaka.

Ndugu zangu, lilikohoa, likatoa moshi mweusi, likatema unyoya mmoja wa kuku, halafu likatulia na kuunguruma. Eunike alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. Alisimama pale, mwanamke aliyekuwa hajaniambia neno la kunipongeza tangu nilipochukua mlango wake, akasema, "Haya."

"Haya" ya Eunike ni sawa na hotuba ya mtu mwingine.

"Panda," nikamwambia.

"Na unga huu?"

"Panda na unga wako."

Akapanda. Tukazunguka migomba mara mbili, tukatoka barabarani, tukapita mbele ya nyumba ya Mikaeli taratibu sana. Taratibu ile haikuwa na sababu yoyote ya kiufundi. Nikabonyeza honi. Mikaeli alitoka na kikombe cha chai, akasimama, akarudi ndani. Siku hiyo nilikuwa tajiri kuliko Waingereza wote wa Tanganyika.

Utajiri wangu ulidumu mpaka Jumapili saa tano.

Baada ya ibada, baba mkwe wangu, Mzee Nathanaeli, alisimama mbele ya usharika na fimbo yake. Yeye ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Ana miaka sabini na kitu, ni mrefu, hasemi sana, na akisema hata watoto wachanga huacha kunyonya.

"Jubilii ni Jumapili ijayo," akasema. "Vijana, mmezoea kuniona nikikaa kwenye benchi. Mimi zamani nilikuwa napiga tromboni. Niliacha mwaka mke wangu, Tabea, alipofariki. Nimeomba ruhusa kwa mchungaji. Siku hiyo nitalipiga tena tromboni langu. Kesho nitakuja kulitoa sandukuni nianze mazoezi."

Watu walipiga makofi. Kuna akina mama waliofuta machozi. Eunike, mtoto wake pekee, alilia kabisa, akanishika mkono, akaniita kwa jina la mtoto wetu kama kawaida yake, "Baba Ndeshi, unasikia? Baba anapiga tena."

"Nasikia," nikasema. Nilikuwa nasikia sana.

Mtu mwenye akili angenyanyuka pale pale akasema. Mimi nilipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Jumatatu asubuhi nilifanya jambo la kishujaa: nililiondoa gari nikaenda kulijaribu mpaka Tengeru, ili wakati baba mkwe anafungua sanduku mimi niwe mbali. Nilizunguka sokoni, nikampa lifti mama mmoja mwenye ndizi, nikatazama mlima, nikazunguka tena. Saa nane nikarudi.

Eunike alikuwa amesimama uani.

"Tromboni la baba halipo."

"Ee!" nikasema. Nilijisikia nikisema "Ee!" Ilikuwa "Ee!" nzuri sana, mtu angeamini.

"Mikaeli amemkamata Lemayian."

Hapo ile "Ee!" ya pili haikutoka.

Lemayian ni mtunza kanisa. Ni Mwarusha kutoka upande wa magharibi wa mlima; alikuja kwetu kwa ajili ya ubatizo, akabaki. Anafagia, anapiga kengele, anachota maji ya maua. Ana ufunguo wa chumba cha nyuma, kama nilivyo nao mimi. Tofauti yetu ni moja: mimi nimeoa kwa mwenyekiti, yeye analala kwenye kibanda nyuma ya kanisa. Mchungaji alikuwa safarini. Basi Mikaeli hakuhitaji kufikiri, na kwa kawaida huwa hafikiri. Alimwita askari wa Mangi, chifu wetu, naye askari akampandisha Lemayian kwenye lori, wakampeleka polisi Arusha.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Lemayian? Hakusema kitu. Aliinamisha kichwa tu. Mikaeli anasema hiyo ndiyo dalili ya mwizi."

Nikakaa kwenye ngazi ya gari.

"Baba Ndeshi," akasema Eunike.

"Naam."

"Jana nilipokuwa naliosha gari, niliona bomba chini ya kiti. Linang'aa."

"Ni la Ngarenaro."

"Lina nyoka."

"Nyoka gani?"

"Nyoka mdogo wa urembo, amelehemiwa pale linapopinda. Bomba gani la petroli lina nyoka wa urembo?"

Nilitazama mikono yangu. Nilitazama viatu vyangu. Nilipomaliza vya kutazama nikamtazama yeye. Hakuwa na hasira. Ningependa awe na hasira. Mwaka jana nilipouza mbuzi wake bila kumwambia alinifukuza mpaka kwenye mto, nikajua nimesamehewa. Safari hii alikaa karibu yangu kwenye ngazi, akaweka mikono mapajani.

"Baba alilia mbele ya watu," akasema. "Hukumwona, aligeuka ukutani. Mimi nilimwona. Halafu wakamchukua Lemayian, na Lemayian anayo barua ya ubatizo mfukoni, anatembea nayo. Ukimwuliza jina lake anaitoa barua anakuonyesha. Polisi nao atawaonyesha hiyo barua."

"Eunike..."

"Wazee wanakutana kesho saa nne. Utakwenda kusema wewe, au nikaseme mimi?"

Nilikwenda mimi. Nilikwenda kwa gari, nitasema ukweli wote. Hata siku ya kuaibika sikutaka kufika kwa miguu.

Wazee walikuwa saba kanisani, mabenchi mawili ya mbele. Mikaeli alikuwa anasoma maneno aliyoyaandika kuhusu uaminifu wa watu wanaotoka mbali. Nilisimama kabla hajafika mwisho, kwa sababu ningemsubiri ningepata muda wa kubadili mawazo.

"Baba mwenyekiti, shikamoo. Wazee, shikamooni. Aliyechukua tromboni ni mimi."

Mikaeli alishusha karatasi yake.

"Wewe?" akasema Mikaeli. "Umelificha?"

"Sikulificha. Liko nje, kwenye gari."

"Basi lilete, mambo yaishe!"

"Haliwezi kutoka. Ni sehemu ya gari."

"Sijaelewa."

"Nimelikata. Petroli inapita ndani yake. Bila hilo gari halitembei."

Mzee mmoja mwenye masikio mabovu akamwuliza jirani yake, "Amesema nini?" Jirani akamwinamia akamwambia kwa sauti kubwa, "Amesema gari limekula tromboni!" Yule mzee akasema, "Mungu wangu," akavua kofia ambayo alikuwa ameshaivua.

Mikaeli alianza kusema habari za kunitenga. Nisishiriki Meza ya Bwana mwaka mzima, nivuliwe utunza vyombo, jina langu lisomwe siku ya jubilii. Alikuwa anazihesabu adhabu hizo kwa vidole, na uso wake ulikuwa umechangamka kuliko siku ya Krismasi.

Baba mkwe wangu alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya fimbo.

"Bariki," akasema.

"Naam, baba."

"Gari hilo linatembea?"

"Linatembea, baba."

"Vipande vilivyobaki viko wapi?"

"Nyumbani, chini ya magunia."

Alinyanyuka taratibu, akapita katikati ya mabenchi, akatoka nje. Sisi tukamfuata. Alilizunguka gari mara moja, akagusa taa kwa ncha ya fimbo, akafungua mlango mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha mbele.

"Washa," akasema.

"Tunakwenda wapi, baba?"

"Washa kwanza."

Nikazungusha hendeli. Liliwaka mara ya kwanza. Laiti lingekataa, mara moja tu katika maisha yake, lingekuwa limenitendea wema.

Tulipita nyumbani, nikachukua gunia lenye vipande. Eunike alilipandisha yeye mwenyewe, akaliweka miguuni pa baba yake. Mzee hakulifungua. Alisema tu, "Twende." Tukateremka katikati ya mashamba ya kahawa mpaka barabara kuu. Nikasimama. Kushoto ni Usa na Moshi. Kulia ni Arusha.

Fimbo ikaonyesha kulia.

Watu walikuwa wanatupungia mikono. Wanawake waliteremsha mizigo yao ili watazame vizuri. Mzee Nathanaeli aliwajibu kwa kuinua kofia, kama bwana harusi. Tulipokaribia mji, upepo ukimpiga usoni, aliongea mara moja tu.

"Lina mwendo mzuri," akasema.

Nilitaka kulia.

"Simama hapa," akasema. Nikasimama. Tulikuwa mbele ya kituo cha polisi. Nikakumbuka kwamba gari langu halina leseni, halina namba na lina breki upande mmoja. Ni watu wachache wanaojipeleka polisi na makosa mengi hivyo kwa safari moja.

"Ingia," akasema. "Kaseme uliyoyasema kanisani. Mimi nitakuja nyuma yako polepole."

Ndani palikuwa na sajini mmoja Mwafrika nyuma ya meza, anaandika. Nikavua kofia.

"Afande, nimekuja kwa habari ya Lemayian wa Akheri. Mtu huyo hana hatia. Tromboni niliiba mimi."

Sajini aliacha kuandika.

"Wewe uliiba tromboni?"

"Ndiyo, afande. Mimi peke yangu. Naomba mmwachilie mtu asiye na kosa."

Hapo kifua changu kilijaa kidogo, nakiri. Maneno yale niliyapanga njiani, na yalitoka vizuri. Niliona kabisa jinsi Lemayian atakavyotoka, atanishika mkono, watu watasema Bariki alikosa lakini ni mwanamume.

Sajini akainama, akafungua kabati la chini, akatoa kitu kilichofungwa kwa shuka jekundu. Akakiweka mezani, akafunua.

Tromboni.

Zima. Halikukatwa mahali popote. Linang'aa kama limesuguliwa jana.

"Basi hili ni la nani?" akaniuliza. "Maana tumelikuta jana usiku chini ya kitanda cha huyo mtu wako asiye na hatia. Na mwenyewe amekiri."

Niliangalia mezani, nikaangalia mlangoni. Baba mkwe alikuwa amekwisha kuingia.

Alikuja mpaka mezani. Akapitisha kidole pale kwenye mdomo wa tromboni, penye kibonyeo kidogo.

"Hili ndilo langu," akasema. "Kibonyeo hiki niliweka mimi. Nililiangusha siku ya harusi yangu."

Wakamleta Lemayian. Alikuwa na barua yake ya ubatizo mkononi, imekunjwa mara nne. Alipomwona mzee alipiga magoti.

"Shikamoo, baba. Nisamehe."

"Marahaba. Inuka. Kwa nini ulilichukua?"

"Nilitaka kujifunza." Alisema taratibu, akitafuta Kiswahili chake. "Niliomba kwaya ya matarumbeta. Mzee Mikaeli aliniambia kazi yangu ni ufagio. Nikasema, nitajifunza peke yangu, siku moja nitapiga, watasikia. Nililitoa kwenye sanduku la juu Pasaka ya mwaka jana, kabla Bariki hajapewa ufunguo. Kila siku nilikwenda nalo bondeni. Nilitaka kulirudisha, baba. Sasa ninaweza nyimbo mbili."

Mzee Nathanaeli alimshika mkono, akamwinua.

"Nyimbo mbili," akasema. "Mimi nilichukua mwaka mzima kupata moja."

Sajini akakohoa. "Wazee, nisaidieni. Huyu ameiba tromboni, na tromboni ni hili hapa. Huyu naye anasema ameiba tromboni. Ameiba lipi?"

Lilikuwa swali zuri sana. Nami nilikuwa ndio kwanza nimeanza kujiuliza.

Baba mkwe akageuka. "Bariki, lete lile gunia."

Nikalileta kutoka garini. Akaliweka kwenye benchi, akaingiza mkono, akatoa ule mdomo mpana wa tromboni nililokata, mweusi kwa vumbi la kahawa. Alisugua kwa mkono wa koti lake. Yakatokea maandishi madogo, ambayo mimi mtunza vyombo, mkaguzi mkuu, sikuwahi kuyaona. Aliyasoma kwa midomo bila sauti. Halafu akakaa.

"Hili ulilitoa kwenye sanduku lipi?"

"La chini, baba."

"La chini," akasema. "Sanduku lile halifunguliwi."

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Lemayian alikuwa bado amesimama na barua yake. Sajini aliweka kalamu chini. Mimi nilitaka mtu yeyote aseme neno, hata Mikaeli.

"Unalijua lile kaburi dogo nyuma ya kanisa, lenye jiwe jeupe?" akauliza mzee.

"Nalijua, baba. La mtoto wa misionari."

"Alikuwa na miaka ishirini. Mimi nilikuwa napiga ovyo tu; yeye ndiye aliyenifundisha kushika tromboni vizuri. Mimi nilikuwa mtu mzima, yeye kijana, na hakunicheka hata siku moja. Homa ilimwua mwaka 1938. Mwaka uliofuata vita ikaja, Serikali ikamchukua baba yake kwa sababu ni Mjerumani. Walimpa saa moja afungashe. Akanikabidhi tromboni la mwanawe. Akaniambia, Nathanaeli, nitunzie mpaka nirudi."

Alikifunika kile kipande kwa blanketi lile lile la sandukuni, nililolitia guniani pamoja na vipande.

"Baba," nikasema, "na huyo misionari... yuko hai?"

"Yuko hai. Mimi na mchungaji tulitaka iwe siri, usharika ufurahi siku yenyewe. Anashuka stesheni ya Arusha Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Ameandika barua, ameomba kitu kimoja tu." Akaweka mkono juu ya blanketi. "Na mchungaji amekwisha kumjibu kwamba asihangaike na mizigo, kwa kuwa tuna gari moja Akheri, na mkwe wangu atakuja kumpokea."